Utumwa Usio na Minyororo
Mtakatifu Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, nchini Sudan, yapata mwaka 1869. Angali mtoto aliibwa na wafanya biashara ya watumwa. Kwa hofu akasahau jina lake. Nao wakamwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Aliuzwa mara nyingi, akapigwa, akachanjwa chale mwilini.

Mwaka 1885 alipelekwa Italia, akawa yaya katika nyumba ya Wakristo. Huko alitendewa wema. Walakini bibi wa nyumba alipotaka kumrudisha Afrika, alimdai kama mali yake. Bakhita, aliyekuwa akifundishwa dini na Masista Wakanosa wa Venice, alikataa. Tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba yu huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikutambua utumwa. Alibatizwa mwaka 1890, akaweka nadhiri mwaka 1896, akafariki mwaka 1947. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000.

Basi, wazazi wapenzi, mtumishi wa nyumbani asiyelipwa mshahara wala kuruhusiwa kwenda kwao ni mtumwa, hata akishiba mezani petu. Tumpe kwanza haki yake, ndipo fadhili zifuate.