Thomas Hunt Morgan: mzee wa nzi aliyekubali kwamba alikosea

Vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana, ambavyo kila mtu anavifukuza kwa mkono, vilimpa mzee mmoja Tuzo ya Nobel. Leo tumkumbuke.

Thomas Hunt Morgan alizaliwa tarehe 25 Septemba 1866 huko Lexington, Kentucky, Marekani. Udaktari wake aliupata Johns Hopkins mwaka 1890. Penzi lake la kwanza halikuwa urithi bali viinitete, yaani yai linafanyaje mpaka liwe mnyama mwenye kichwa na mkia.

Mwaka 1904 alihamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Chumba chake cha nzi kilikuwa kama meta 5 kwa 7 tu, meza nane zimebanana, chupa za maziwa zimejaa nzi, na harufu ya ndizi kila kona. Sasa cha ajabu, wakati huo Morgan hakuamini kwamba kromosomu ndizo zinazobeba urithi. Alibisha waziwazi, tena kwa maandishi.

Mwaka 1910 akatokea dume mmoja mwenye macho meupe wakati wenzake wana macho mekundu. Morgan akampandisha kwa majike ya macho mekundu. Watoto karibu wote wakawa na macho mekundu. Wajukuu je? Majike 2,459 mekundu, madume 1,011 mekundu, madume 782 meupe. Jike mweupe hakuna hata mmoja! Kumbe jeni ya rangi ya macho imekaa kwenye kromosomu ya jinsia. Mzee hakung'ang'ania. Alichokuwa anakipinga, akakitetea kwa ushahidi wake mwenyewe.

Na vijana aliwapa nafasi. Alfred Sturtevant, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mwaka 1911 aliacha kazi za darasani usiku mmoja akachora ramani ya kwanza ya jeni. Morgan alihamia Caltech, California, mwaka 1928, akapata Nobel mwaka 1933. Fedha za tuzo akagawana na watoto wake pamoja na watoto wa wasaidizi wake wawili, Sturtevant na Calvin Bridges. Alifariki tarehe 4 Desemba 1945.

Lakini alikufa na deni. Kama kila seli ina jeni zilezile, kwa nini huku kinaota kichwa na kule mkia? Kwenye kitabu chake cha mwaka 1934 alikisia kwamba sehemu tofauti za yai huenda zinawasha jeni tofauti. Akaishia hapo.

Jibu lilitoka kwa nzi walewale. Mama nzi anaweka kwenye ncha ya mbele ya yai maagizo ya kutengeneza protini inayoitwa bicoid. Inakuwa nyingi kichwani, kisha inapungua polepole kuelekea mkiani. Hakuna ukuta wowote. Hata hivyo jeni ya hunchback inawaka nusu ya mbele, halafu karibu na katikati inazimika ghafla, ndani ya seli chache tu. Inawezekanaje? Protini za bicoid zinasaidiana kuishika jeni, hivyo zikipungua kidogo tu mshiko wote unalegea. Halafu jeni jirani zinazimana. Ni kama kuvuta kamba: upande mmoja ukizidiwa kidogo, wote wanaburutwa. Ndio maana mpaka unakuwa mkali.

Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, waliozitafuta jeni hizi na kutangaza kazi yao mwaka 1980, walipata Nobel mwaka 1995 pamoja na Edward Lewis. Huyo Lewis alifundishwa na Sturtevant palepale Caltech. Yaani mjukuu wa Morgan kielimu ndiye aliyesaidia kulipa deni la babu.

Mimi kinachonigusa ni ile 1910. Mtu mzima, profesa, ameshabisha mbele ya watu, halafu nzi mmoja anamgeuza. Hapa kwetu wangapi wanaweza? Wadau, tupeni maoni.