James Clerk Maxwell na Mashine Isiyotulia

Askari wa zamu ya usiku kilimani Mpumudde, mahali alipofia Omukama Kabalega mwaka 1923, huziona taa za Jinja chini yake. Karibu na hapo mto Nile umezibwa na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo leo huitwa Nalubaale. Viwanda vinapowashwa, mzigo huongezeka na magurudumu ya maji huelekea kupunguza mwendo. Ndipo kidhibiti mwendo hufungua malango na kuyaongezea maji. Lakini kidhibiti chenye haraka mno huzidisha maji, kisha huyapunguza kupita kiasi, kisha huzidisha tena, mfano wa dereva aliyeshikwa na pupa ya usukani katika matope. Ni wapi hasa msaada hugeuka kuwa maangamizi? Swali hilo liliwekewa msingi wa hesabu na James Clerk Maxwell.

Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, tarehe 13 Juni, 1831. Mama yake alifariki naye akiwa na umri wa miaka minane. Shuleni wenziwe walimcheka kwa mavazi na usemi wake wa shamba, wakamwita mpumbavu. Lakini alipokuwa na miaka 14 tu, maandishi yake ya hesabu yalisomwa mbele ya wataalamu wa mji huo. Katika mtihani mkuu wa hesabu wa Cambridge, mwaka 1854, alishika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa Edward Routh, na jina hilo msomaji asilisahau.

Dunia humsifu Maxwell kwa kuunganisha umeme, sumaku na nuru. Habari ya kidhibiti haisimuliwi sana, ingawa nayo ilitokana na umeme. Mwaka 1863, akifundisha King's College, London, yeye na wenzake walizungusha koili ya waya ili kupima ukinzani wa umeme. Mwendo ukibadilika, kipimo huharibika. Hivyo wakatumia kidhibiti. Mwaka 1868 akaandika kwamba mtikisiko wa mashine ama hufifia ama hukua, na kwamba mpaka baina ya hali hizo mbili waweza kupatikana katika milinganyo, kabla chuma hakijavunjika. Milinganyo migumu zaidi ilimshinda, naye akakiri hivyo waziwazi, jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi.

Aliyeipata kanuni kamili, mwaka 1877, ni Routh yule yule. Hata hivyo hesabu hizo zilihusu mitikisiko midogo tu. Mrusi Aleksandr Lyapunov ndiye aliyeonyesha, mwaka 1892, ni lini zaweza kuaminiwa kwa mashine halisi, ambayo nguvu zake hazikui kwa uwiano. Wahandisi wa leo huiunda mashine ndani ya kompyuta, wakakiongezea kidhibiti ukali hatua kwa hatua, mpaka mtikisiko unapokataa kufifia. Hapo ndipo penye mpaka alioutafuta Maxwell.

Alifariki Cambridge tarehe 5 Novemba, 1879, akiwa na miaka 48, kwa saratani ya tumbo, maradhi yale yale yaliyomchukua mama yake. Ilikuwa karibu miaka 75 kabla ya malango ya Owen Falls kufunguliwa.