Robert Bárány: Nobel ilimkuta kambi ya mateka

Mimi ni mtu wa uhandisi, udaktari siujui, lakini huyu bwana namhusudu kwa sababu alifikiri kama fundi.

Robert Bárány alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1876. Utotoni kifua kikuu cha mifupa kilimwacha na goti lililokakamaa. Akasomea udaktari, akabobea kwenye masikio.

Kazi yake mojawapo ilikuwa kuosha masikio ya wagonjwa kwa maji. Wengi walishikwa na kizunguzungu, na yeye akaona macho yao yanachezacheza. Mgonjwa mmoja akalalamika kwamba maji ni ya baridi mno. Mara nyingine yakawa ya moto mno, na kumbe macho yakacheza upande wa pili! Hapo Bárány akakumbuka hita ya maji: ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Ndani ya sikio mna mirija mitatu iliyopinda, imejaa majimaji. Ukiyapasha joto au kuyapoza yanatembea, ubongo unadhani kichwa kinazunguka. Yaani, kwa maji tu na kuangalia macho, daktari akaweza kujua sikio lipi limepoteza mizani. Sikio lisilojibu ndilo lenye matatizo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza akaenda kutibu askari. Ngome ya Przemyśl ilipoanguka Machi 1915, Warusi wakamkamata. Alikuwa mateka huko Merv, Turkmenistan ya leo, habari zilipomfikia kwamba ameshinda Nobel ya Tiba ya mwaka 1914. Mwanamfalme Carl wa Uswidi akamwombea, akaachiwa 1916.

Mtu ungedhani nyumbani watampokea kwa ngoma. Wapi! Wenzake wa Vienna walimshutumu kwamba hakutaja kazi za waliomtangulia. Sitaki kuwa hakimu, ila mwaka 1917 alihamia Uppsala, Uswidi, akafundisha huko hadi kifo chake mwaka 1936.

Mwaka 1983 wanaanga walifanya kipimo hicho angani, ndani ya Spacelab. Kule vitu havina uzito, kwa hiyo cha moto hakipandi wala cha baridi hakishuki. Macho yakacheza vilevile! Kumbe maelezo ya hita hayakutosha, joto lina njia nyingine pia. Kipimo chenyewe lakini bado kinatumika hospitalini, na siku hizi wengine wanapuliza hewa badala ya maji.