Karl Terzaghi: Mhandisi aliyepima kudidimia kwa majengo

KABLA ya mwaka 1923, mhandisi aliyejenga juu ya udongo wa mfinyanzi hakuwa na njia ya kuaminika ya kukadiria jengo lake lingedidimia kiasi gani, wala kwa miaka mingapi. Aliyempatia hesabu hiyo ni Karl Terzaghi.

Terzaghi alizaliwa Oktoba 2, 1883 mjini Prague, wakati huo ukiwa chini ya himaya ya Austria. Alisomea uhandisi wa mitambo mjini Graz, ambako utundu nusura umponze afukuzwe chuo.

Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, alipelekwa Istanbul kufundisha uhandisi. Vita ilipokwisha alihamia Robert College, katika mji huohuo, na huko, kwa vifaa duni alivyojiundia mwenyewe, alianza kuukandamiza udongo na kuupima.

Alibaini kwamba mfinyanzi uliolowa hushika maji katika vitundu vidogo mno. Jengo linapouelemea, mzigo hubebwa kwanza na maji hayo. Kadiri yanavyojipenyeza nje, taratibu sana, ndivyo chembe za udongo zinavyoupokea mzigo na kubanana. Ndiyo maana nyumba iliyokabidhiwa ikiwa nzima huweza kupata nyufa miaka kadhaa baadaye, mkandarasi akiwa ameshalipwa na kuondoka.

Muda huo huongezeka kwa mraba wa unene wa tabaka. Kipande cha sentimita 2 kikichukua saa moja kubanana maabara, tabaka la mita 4 la udongo huohuo, maji yakipata njia juu na chini vilevile, litachukua saa 40,000, yaani zaidi ya miaka minne na nusu.

Kitabu alichokichapisha Vienna mwaka 1925 kilimfungulia milango ya chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1929 alirejea Vienna akiwa profesa.

Huko ndiko alikokutana na mkasa mzito kuliko yote. Mwaka 1936 profesa mwenzake, Paul Fillunger, alitoa kijitabu kikali akidai kwamba nadharia hiyo ni ya uongo na kumshambulia Terzaghi binafsi. Chuo kiliunda kamati ya uchunguzi, nayo ikampa Terzaghi haki. Machi 1937, Fillunger na mkewe walijitoa uhai. Inasikitisha zaidi kwamba watafiti wa baadaye waliona thamani kubwa katika hesabu za Fillunger mwenyewe.

Mwaka 1938, Ujerumani ilipoitwaa Austria, Terzaghi alihamia Marekani na kufundisha Harvard.

Afrika Mashariki nayo ina alama yake. Alikuwa mshauri wa bwawa la Sasumua nchini Kenya, lililojengwa miaka ya 1950 kuipatia Nairobi maji. Kwa vipimo vya kawaida, mfinyanzi mwekundu wa eneo hilo ulionekana haufai kabisa. Terzaghi alieleza kwamba chembe zake zimeshikamana katika mafungu magumu, hivyo unafaa, na mwaka 1958 akaandika kuhusu usanifu na mwenendo wa bwawa hilo.

Alifariki dunia Oktoba 25, 1963 huko Winchester, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 80. Mwaka 1965 bwawa la Mission nchini Canada, alilolisimamia juu ya mfinyanzi uliokuwa ukididimia, lilipewa jina lake.