Habib Saleh wa Lamu

Marehemu Habib Saleh bin Alawi Jamalil-Leil alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, akahamia Lamu angali kijana. Alikuwa sharifu, milango ya wakubwa ilikuwa wazi kwake.

Zama hizo elimu ya juu ya dini ilikuwa ya wenye nasaba na mali. Watumwa na wazao wao waliachwa nje, ijapokuwa ni Waislamu. Mwenye kunyanyuka huchelea kwamba heshima ikigawanywa itapungua, kwa hiyo huwageuzia uso walio chini. Habib Saleh hakuchelea. Alikaa na wanyonge, akawatibu, akawafundisha, akawakaribisha katika Maulidi. Wakubwa walimlaumu, naye hakuacha. Akaujenga msikiti wa Riyadha, ambao darasa zake zilikuja kupata sifa Afrika Mashariki nzima. Alifariki mwaka 1935.

Ndugu zangu wa Kigali, wakati wa Wabelgiji wazee wetu walibanwa Biryogo, na wengi wa watoto wao wakakosa shule. Leo tunao wasomi na matajiri. Basi tusimpite jirani aliyebaki nyuma kana kwamba hatukutoka naye pamoja.

Mwenyezi Mungu amrehemu Habib Saleh, atujaalie mwendo wake. Amin.