Poul la Cour, mwalimu aliyeweka akiba ya upepo

Kwa karne nyingi, vinu vya upepo nchini Denmark vilisaga nafaka. Mwaka 1891, katika kijiji cha Askov, mwalimu wa sayansi Poul la Cour alisimamisha kinu cha kuzalisha umeme, kwa ruzuku ya serikali.

La Cour, aliyezaliwa mwaka 1846, alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa na mvumbuzi wa vyombo vya telegrafu. Angeweza kubaki Copenhagen na sifa zake. Mwaka 1878 akaenda Askov kufundisha vijana wa mashambani. Hakutaka umeme uwe starehe ya watu wa mijini peke yao.

Kilichomsumbua ndicho kinachowasumbua hadi leo wanaosanifu ofisi zinazojizalishia umeme: upepo hauvumi kwa ratiba. Jawabu lake lilikuwa la kijasiri, pengine kupita kiasi. Kwa umeme wa kinu alitenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, akazihifadhi gesi hizo, na tangu 1895 hadi 1902 taa za shule ziliwashwa kwa haidrojeni iliyotengenezwa papo hapo shuleni. Milipuko ilitokea, na vioo vya madirisha vikabidi kubadilishwa mara kadhaa.

Majaribio yake yalionyesha pia kwamba mapanga machache yaendayo kasi hufaa kuliko mengi yazungukayo polepole. Mwaka 1904 alianza kufunza mafundi umeme wa vijijini. Alifariki dunia mwaka 1908. Mwanafunzi wake mmoja, Johannes Juul, ndiye aliyebuni mtambo wa Gedser, wenye mapanga matatu na nguvu ya kilowati 200, ulioanza kazi mwaka 1957.