John Tyndall: Mwalimu Aliyepima Blanketi Lisiloonekana

Ukija kusoma Dodoma kutoka Dar au Tanga, kitu cha kwanza kukushangaza ni baridi ya Juni na Julai. Mchana jua linachoma, unatembea na fulana moja. Ikifika saa kumi usiku unatamani blanketi la jirani. Wapo wanaosema ni upepo, wapo wanaosema ni mwinuko, maana tupo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wote wana ukweli wao. Ila sababu nyingine kubwa ilipimwa London mwaka 1859 na John Tyndall, mtu aliyewahi kushika chaki kama tutakavyoishika wengi wetu.

Tyndall alizaliwa mwaka 1820 Leighlinbridge, kijiji cha Ireland. Baba yake alikuwa polisi wa kipato kidogo, kwa hiyo chuo hakikuwa cha kuota. Akiwa na miaka 18 akaingia kazi ya upimaji ramani serikalini. Mwaka 1843 alifukuzwa baada ya kulalamikia malipo na jinsi wapimaji walivyotendewa. Nadhani viongozi wetu wa wanafunzi wanamwelewa! Akahamia kupima njia za reli, akaweka akiba, na mwaka 1847 akaanza kufundisha hesabu katika shule ya Queenwood, Uingereza. Mwaka uliofuata akaacha kazi, akaenda Marburg, Ujerumani, kusoma kwa akiba yake, bila bumu. Alipiga msuli hasa, na mwaka 1850 akapata shahada ya uzamivu.

Mwaka 1853 akawa profesa katika Royal Institution, London. Hapo alikutana na swali lake. Ardhi ikishapata joto la jua, hulirudisha juu kama mionzi isiyoonekana kwa macho. Je, hewa inaizuia mionzi hiyo njiani, au inaiacha ipite tu?

Akatengeneza bomba refu, akaziba ncha zake kwa vipande vya chumvi ya mawe, kwa kuwa kioo huzuia mionzi ya joto lakini chumvi huipitisha. Upande mmoja akaweka chanzo cha joto, upande wa pili kifaa cha kulipima. Kisha akajaza gesi moja baada ya nyingine. Oksijeni na naitrojeni, ambazo ni karibu asilimia 99 ya hewa kavu, ziliacha joto lipite karibu lote. Mvuke wa maji na kabonidayoksaidi, hata vikiwa kidogo, vililinasa.

Hapo ndipo baridi yetu inapoelezeka. Kiangazi hewa ya Dodoma ni kavu na anga halina mawingu, hivyo joto la mchana linapanda angani bila kizuizi kikubwa. Pwani mvuke ni mwingi, blanketi ni zito, usiku unabaki na joto.

Utabiri wa leo umejengwa juu ya kipimo hicho. Kompyuta hugawa anga katika tabaka nyingi, kisha hukokotoa kila tabaka linanasa mionzi kiasi gani, linatoa kiasi gani juu na chini, kulingana na mvuke, mawingu na gesi zilizomo. Hesabu hiyo ikikosewa, joto la usiku nalo linakosewa, na mengine yanafuata.

Haki itendeke pia: mwaka 1856 mama mmoja wa Marekani, Eunice Foote, alianika mitungi ya gesi juani, akaona yenye hewa ya unyevu au kabonidayoksaidi inapata joto zaidi. Jina lake lilisahaulika zaidi ya miaka 100.

Tyndall mwenyewe alisumbuliwa sana na kukosa usingizi. Desemba 1893 mkewe Louisa alichanganya dawa kwa bahati mbaya, akampa ya usingizi kupita kiasi, akafariki. Louisa aliishi hadi 1940, akitumia miaka hiyo kukusanya kumbukumbu za mumewe.

Tukienda mazoezi ya kufundisha, tusiwaambie wanafunzi kuwa hewa ni kitu kitupu. Tuwaulize kwa nini usiku wa mawingu hauna baridi kali kama usiku wa nyota. Jibu wanalo tayari, wamelilala chini yake kila siku.